Sale ya Nesi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huko Marangu. Mbele yangu alikaa mzee aliyefuata dawa zake za presha. Suruali ikapanda kidogo, nesi akaona alama za meno mguuni.

"Shikamoo babu. Nani kakung'ata?"

"Marahaba. Mbwa wa jirani, jana. Hajachanjwa, lakini yamekwisha. Jirani kaniletea sale."

Kwetu Uchaggani, anayekuletea jani la sale anaomba radhi, na sale haikataliwi.

"Jirani umemsamehe," nesi akasema, "lakini kirusi cha kichaa cha mbwa hakijui sale. Kikifika kichwani hakina dawa. Nikuchome leo."

Mzee akatikisa kichwa. "Nikichomwa, jirani atasema bado nina kinyongo."

Nesi hakubishana. Alitoka nje, akachuma jani la sale kwenye ua wa zahanati, akarudi, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. "Babu, naomba radhi kwa sindano ya leo, na kwa zote utakazorudi kuchomwa."

Mzee akaligeuza jani, akacheka mpaka nikaihofia presha yake, kisha akapandisha mkono wa shati.

Nimesikia matangazo mengi ya afya, yenye vipaza sauti na fulana za bure. Hakuna lililowahi kupiga goti.

Wakati wa kutoka, mzee alisimama mlangoni, jani mkononi. "Yule mbwa mwambieni jirani amfunge kamba," akasema. "Mbwa mwenyewe hajaniletea sale."