Mwaka Niliokuwa Kompyuta ya Mji wa Angani

Mwalimu wetu wa uchumi aliingia darasani asubuhi hiyo bila kitabu, akachukua chaki na kuchora duara kubwa lililokaribia kuujaza ubao wote. Ndani ya duara akachora njia, mashamba na nyumba. Nje yake akatawanya vidoa vya nyota. Kisha akatugeukia na kutuambia kwamba hapo ndipo tunapoishi. Ni mbali kupita mwezi. Mababu wa mababu zetu walihama duniani zamani sana, sisi tumezaliwa hukohuko na hatujawahi kuona mvua ikinyesha. Chombo cha kutoka duniani huja kwa nadra, kama basi la Tunduru wakati wa masika, na kikichelewa hakuna wa kulaumiwa. Chakula, nguo, maji, hata hewa ya kuvuta, tunatengeneza wenyewe.

"Sasa niambieni," alisema, "mtaishije?"

Tulikuwa wasichana wa kidato cha tano katika shule ya bweni pale Songea. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kando ya Ziwa Nyasa, mwenye sauti ndogo iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Alipokuwa msichana, redio ilitangaza kwamba watu wametua mwezini. Baba yake, katekista, alikataa katakata kuamini. Yeye aliamini palepale, na tangu hapo hakuacha kusoma chochote kilichohusu mambo ya anga, hata magazeti makuukuu yaliyofungiwa sabuni.

Mmoja wetu alimwuliza kwa nini tuende mbali hivyo wakati uchumi uko hapahapa mjini. Swali lilikuwa la haki. Tulikuwa tumekulia kwenye foleni za sukari, kwenye maduka ya ushirika yenye rafu tupu. Halafu mambo yakafunguliwa. Maduka ya watu binafsi yakajaa sabuni, vitenge na mitumba, na kwetu Mshangano wakaanza kuja wanunuzi wa mahindi na mizani yao wenyewe. Wazazi wetu hawakujua wafurahi au waogope. Na vitabu vyetu vilikuwa bado vinazungumzia reli na viwanda vya nchi za baridi.

Mwalimu akajibu kwamba akituuliza habari za Songea, kila mmoja atasimama na baba yake, chama chake na hasira zake. Huko juu hakuna aliyewahi kufika, kwa hiyo hakuna atakayejifanya anajua. Hapo tutalazimika kufikiri.

Akatugawia kazi. Wengine wakawa wakulima wa mashamba yaliyofunikwa kwa vioo, wengine washonaji, mafundi wa mitambo, wachimbaji wa madini kwenye vimondo, watengenezaji wa maji. Mitambo ya hewa alipewa msichana mmoja kutoka Tunduru, Mwislamu mkimya aliyetuzidi umri kidogo, binti wa mkulima wa korosho. Vizibo vya soda vikawa chakula, vipande vya karatasi vikawa nguo, punje za mahindi zikawa vipuri.

Mimi nikawa kompyuta.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona kompyuta. Mwalimu alitueleza kwamba ni mashine inayokumbuka kila inachoambiwa na kupiga hesabu upesi kuliko karani yeyote, ila haina njia ya kujua kama imedanganywa. Alinichagua, alisema, kwa sababu nilikuwa msichana wa maneno machache, na kompyuta yenye umbeya ingeuvunja mji. Niliketi kando ya ubao nikiwatazama wenzangu wote. Kila kipindi walikuja mmoja mmoja kunieleza wamezalisha nini na wanahitaji nini, nami nikapanga nani apate kipi. Neno langu lilikuwa la mwisho. Kwa msichana wa kutoka Mshangano ambaye nyumbani alikuwa wa tano kuzaliwa na wa mwisho kusikilizwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini mji ukaanza kunishinda. Wakulima waliomba vipuri kupita mahitaji yao. Washonaji walisema wameshona kidogo kuliko walivyoshona. Bwenini nilianza kuletewa karanga na watu ambao hawakuwa na mazoea nami, nikazikataa, ingawa chakula cha jioni kilikuwa ugali na maharage yaliyotawaliwa na maji. Haukupita muda, mafundi wakawa wamekaa bila vipuri huku punje za mahindi zimejaa mifukoni mwa wakulima.

Mwalimu akaniuliza mbele ya darasa kompyuta imekosea wapi. Nikasema, kwa uchungu kidogo, kwamba kompyuta haikukosea, imedanganywa.

"Hawakukudanganya kwa ubaya," alisema. "Wanaogopa kesho. Mtu anayeogopa kesho huomba mara mbili. Ulijua wanachosema, lakini hukujua wanachoogopa."

 Nadhani kila mmoja alimwona mama yake kwenye foleni, akichukua sabuni asizozihitaji siku hiyo kwa sababu kesho huenda zisiwepo. Mimi mpaka leo, kazini kwangu, nikiletewa takwimu za mavuno kutoka vijijini, hujiuliza kwanza aliyezitoa alikuwa anaogopa nini.

Muhula uliofuata mwalimu alibadilisha mji. Kompyuta ikaondolewa madaraka. Kila mtu akaruhusiwa kuuza na kununua apendavyo, nami nikabaki mtangazaji tu wa bei, kila mtu akija kuniuliza ya kitu anachokitaka. Darasa likawa kama soko siku ya mnada. Punje za mahindi zikatoka mifukoni zenyewe, mafundi wakapata vipuri, na msichana mmoja wa kutoka Madaba, aliyekuwa akisinzia vipindi vyote, akagundua kwamba anaweza kukodisha vioo vya shamba lake, akatajirika. Tulicheka sana siku zile. Mwalimu naye alicheka, akatuachia tufurahi.

Msichana wa Tunduru alikuwa akiuza hewa kwa bei ndogo tangu soko lilipofunguliwa. Asubuhi moja akaja mezani kwangu na kunipa bei mpya. Nikafikiri nimesikia vibaya. Akairudia taratibu. Nikaitangaza. Wenzangu walicheka, wakanunua. Kabla ya kipindi kwisha akaipandisha tena.

Kulikuwa na kanuni ambayo mwalimu aliiweka mwanzoni na ambayo hatukuwahi kuihitaji: asiyepata hewa hulaza kichwa juu ya dawati na hasemi tena. Kipindi kilichofuata wa kwanza kulaza kichwa walikuwa washonaji. Wakafuata wachimbaji. Wakulima walishindana naye, wakamwomba, mmoja akamkumbusha kwamba wanalala kitanda kimoja cha ghorofa, mwenye hewa juu na yeye mkulima chini. Msichana wa Tunduru aliwasikiliza wote kwa adabu na hakushusha bei. Mimi niliendelea kutangaza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sauti yangu ikawa inasikika peke yake katika chumba kile. Mwalimu alisimama dirishani, mikono nyuma, haingilii kati.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa shule akiwa na mkaguzi kutoka mkoani, mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Walikuta darasa zima limelala juu ya madawati, isipokuwa wasichana wawili.

Mkuu wa shule alitahayari. Mwalimu wetu alimwamkia mkaguzi shikamoo bila haraka, akamweleza kwamba wanafunzi hawajalala, wamekufa. Wamekosa hewa. Akamsimulia habari za mji, tangu siku ya chaki. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa Kiingereza kwa nini somo linafundishwa kwa Kiswahili wakati kanuni inajulikana. Mwalimu alimjibu kwa Kiingereza safi kwamba insha zao wanaandika kwa lugha ya mtihani, na kwamba yuko tayari kuzionyesha. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sauti yake ileile ndogo:

"Lakini kubishana, mzee wangu, mtu hubishana vizuri kwa lugha aliyoitumia kugombana nyumbani."

 Mkaguzi akavuta kiti, akakaa nyuma ya darasa, akasema tuendelee. Msichana wa Tunduru akainuka, akamwendea, na kwa heshima zote akamwambia kwamba aliyeingia mjini naye anavuta hewa. Mzee yule akapekua koti, akampa kalamu yake ya wino. Vicheko vikatoka chini ya mikono ya marehemu.

Mwalimu aliwafufua wote, akamgeukia mwenye hewa na kumwuliza kwa nini amefanya vile. Tulitegemea ajitetee. Alisimama, akapanga maneno yake.

"Msimu uliopita baba alivuna korosho nzuri," alisema. "Chama cha ushirika kilikuwa hakina fedha. Akaja mnunuzi mmoja na lori lake, akataja bei mara moja, akakaa kivulini kusubiri. Baba hakuwa na wa kumwuliza bei ya mahali pengine. Akauza. Pale kijijini wanasema yule mtu ni mwizi, lakini hakuiba kitu. Alikuwa peke yake, na alijua jambo ambalo baba hakulijua. Nyie mlikuwa mnafurahia soko. Mimi nalifurahia pia. Nilitaka tu mjue kukaa upande wa baba kukoje."

Sijawahi kusikia hotuba ya uchumi iliyonikaa kama ile, na nimesikiliza nyingi, katika kumbi zenye viyoyozi.  Yule mkulima wa kitanda cha chini ndiye aliyeanza kumuuliza, si kwa hasira, sasa angependa mji uweje.

Alikuwa amelifikiria hilo tayari. Hewa iwe ya wote, alisema, na kila mtu atoe sehemu ya kazi yake kuitunza mitambo, kwa sababu huwezi kupatana bei na mtu anayekuziba pua. Vitu vingine viendelee kuuzwa. Na kompyuta isigawe tena mali, wala isinong'one bei kwa anayeuliza peke yake. Iwaambie wote kwa pamoja, kila siku, kila kitu kimeuzwa bei gani na wapi, mpaka kwenye kimondo cha mwisho, ili mtu akija na chombo chake na kukaa kivulini, mkulima awe anajua anachojua mtu huyo.

Mkaguzi akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Aliuliza nani atailinda kompyuta hiyo isinunuliwe.

Tulibishana swali hilo hadi kengele ya chakula ikapita bila mtu kuinuka. Wengine walitaka ziwe kompyuta nyingi zinazochungana. Wengine wakasema kila nyumba iwe na yake ndogo. Wapo waliosema achaguliwe mtu mwaminifu, na msichana wa Madaba akauliza mtu huyo atavuta hewa ya nani. Hatukupata jibu. Mwalimu aliandika swali la mkaguzi ubaoni, chini ya duara, na akaomba wahudumu wa zamu wasilifute. Mkaguzi aliondoka bila kudai kalamu yake. Hakuna barua ya onyo iliyokuja. Waliokuja ni walimu wawili wa shule ya wavulana, kutazama namna mji unavyoendeshwa.

Kabla hatujamaliza kidato cha sita tulisikia kwamba misheni imepata kompyuta, zawadi ya wafadhili. Mwalimu aliomba ruhusa, akatupeleka kwa miguu. Ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono kama redio ya sebuleni, na sista mmoja kijana aliyejifunza kuitumia alikifunua taratibu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwalimu naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Mwanamke aliyetujengea mji mzima unaoendeshwa na mashine ile alisimama mbele yake mikono imekumbatia mkoba, akamwuliza sista inawashwa wapi. Kioo kilipowaka kwa maandishi ya kijani, machozi yalimlengalenga. Akaomba izidishe namba kubwa aliyoichagua mwenyewe, akakokotoa jibu pembeni kwa kalamu, akakuta wamepatana.

Kisha akauliza kama inaweza kuzungumza na kompyuta nyingine, ya Njombe tuseme, au ya Mtwara. Sista akasema hapana, hii ni ya hapa tu, inaandika barua na kutunza orodha ya ubatizo.

"Basi bado ni mpweke," mwalimu alisema, akaigusa ubavuni kidogo kama mtu anayemfariji mtoto.

Tulitawanyika baada ya mtihani. Mimi nilisomea uchumi, nikaajiriwa kwenye ofisi inayoshughulika na bei za mazao. Msichana wa Tunduru alirudi kwao akawa mwalimu, na baadaye wakulima wa kijiji chao wakamchagua kuongoza chama chao, Mwislamu wa kike wa kwanza kukalia kiti kile. Siku hizi ananipigia simu yeye, si mimi, kuniambia korosho zimefikia wapi, na mara nyingi habari yake huwa mbichi kuliko ya ofisi yetu.

Mwalimu alistaafu, akarudi ziwani. Nilikwenda kumtembelea mara moja, safari ya kupanda na kushuka milima ya Umatengo. Nilimkuta anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye chanja, amekonda, anaona kwa shida. Tulikaa barazani nikamweleza kazi yangu, namna bei zinavyotumwa sasa kwa simu hadi kijijini na wapi bado hazifiki. Alinihoji kama alivyokuwa akituhoji darasani, swali juu ya swali, na nilipobabaika alingoja. Nikamwuliza kama kweli anaamini watu wataishi huko juu.

Akasema wataishi, hana shaka, na watabeba foleni zao na madalali wao wote. Halafu akaniambia niinuke nigeuze usipa, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umeshakauka.