Wanawake Ishirini kwenye Ukuta wa Ratemo

Joab alikuwa mchapaji wa masanduku katika kiwanda cha chai karibu na Sotik. Aliweka bati lililokatwa herufi juu ya sanduku, akapaka rangi nyeusi, akaliinua, akageukia sanduku lingine. Miaka tisa. Mkewe, Dorcus, alikuwa amerudi kwao ziwani, na barua zake zilikuwa zimekoma.

Mwaka wa 1973, Ratemo, mwenye ukumbi wa dansi pale mjini, alimwomba amchoree ukuta.

"Chora watu wakifurahi," alisema. "Rangi zipige kelele."

Joab alichora Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza pale. Wachezaji aliwajua kwa alama za visigino sakafuni na rangi ya midomo kwenye glasi. Aliwachora wanaume wa suruali pana na wanawake wa nywele za afro, kwa waridi, manjano na kijani kikali. Kisha akakata bati jipya: mchumaji chai, mwanamke mwenye kikapu mgongoni. Akalichapa chini ya miguu ya wachezaji mara ishirini, kila mwanamke na nambari yake kifuani, kama wachumaji wanavyoandikwa shambani.

Ukuta ulipofunuliwa Jumamosi alasiri, watu walishangilia. Wachumaji chai ndio walionyamaza kwanza. Mmoja wao, Celine, alimwendea Joab.

"Joab, huyu wa kumi na nne ni mimi."

"Mama, wote ni bati moja."

"Najua. Ndiyo maana nasema ni mimi."

Nyapara mkuu wa wachumaji, Kipkosgei, hakumsemesha Joab. Alimvuta Ratemo kando.

"Ndugu yangu, nifanye nini?" Ratemo alimwambia Joab baadaye. "Watu wake ndio wateja wangu. Funika hao wa chini, wanaocheza wabaki."

Jumapili Joab alileta chokaa, akapaka ukuta mzima, wachezaji pamoja na wachumaji. Mikono ilimwasha mpaka jioni, na nyumbani hakukuwa na wa kumwambia.

Kiwandani hawakumfukuza. Ila wenzake waliacha kuketi karibu naye, na mwaka ulipoisha akahamia Mulot, akawa anachora mabango ya bucha.

Celine alipokuja huko kununua mahindi, alimkuta juu ya ngazi.

"Bado unachora watu?"

"Ng'ombe tu."

Celine aliaga. Joab aliteremka haraka ili amkaribishe chai, lakini alipofika chini, Celine alikuwa ameshapotelea sokoni.