Togwa ya Siku ya Uhamisho

Siku niliyopewa habari nilikuwa kwenye foleni ya dirishani, Mbeya, kama kila asubuhi kwa miaka miwili. Mfamasia alinipa kikombe kidogo cha dawa, nikanywa mbele yake, nikasema "asante" ili aone kwamba nimemeza. Huo ndio utaratibu wa methadoni, dawa ya kutuachisha heroini. Unakunywa, unasema neno, ndipo unaondoka, maana wapo waliokuwa wakiibana mdomoni wakaenda kuiuza nje. Mimi si msemaji. Kwa miaka miwili neno langu lilikuwa hilo hilo moja.

"Subiri," akasema. "Wewe si mtu wa Sumbawanga, kule vijijini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Zahanati ya kwenu inaanza kutoa dawa. Nesi wenu alikuwa hapa anafundishwa. Ukitaka uhamisho, nakuandikia barua leo."

Nilitoka mbio hadi barabarani kabla sijakumbuka kwamba barua yenyewe sijaichukua. Nikarudi mbio vile vile. Watu wa foleni wakacheka.

"Mshikaji kapata kazi?" mmoja akauliza.

"Kapata mke," mwingine akamjibu.

Nilikuwa nacheka kuliko wao.

Niliondoka kijijini nilipomaliza darasa la saba, nikawa utingo wa malori Tunduma. Huko nilianza kuvuta unga. Mwanzoni nilivuta kwa ajili ya baridi na uchovu, baadaye kwa ajili ya unga wenyewe. Miaka ile sina hamu ya kuiandika. Methadoni ilinitoa kwenye unga, lakini ilinifunga Mbeya. Dozi ni ya kila siku. Ukiikosa, arosto inarudi, kila kiungo kinauma, na miguu inakupeleka yenyewe kwa muuzaji. Kwa hiyo miaka miwili sikulala nyumbani hata mara moja. Shangazi yangu alizikwa nikiwa sipo. Ulezi ulivunwa mara mbili nikiwa sipo. Mama alipokuwa akipiga simu alikuwa hasemi "rudi". Aliuliza tu kama nimekula.

Barua ilisema nitaangaliwa kwa wiki mbili. Nikishindwa masharti ningerudishwa Mbeya, na sharti la kwanza lilikuwa kutofika zahanati nikinuka pombe. Nilimsomea mama hilo kwenye simu mara mbili.

"Nimesikia, baba," akasema. "Pombe hakuna. Wewe njoo."

Nikanywa dozi yangu ya mwisho ya Mbeya saa moja asubuhi, nikapanda basi. Baada ya Laela nilianza kuyatambua mashamba, na kila kilima nilikuwa nakiona kama mtu anayenifahamu. Sumbawanga mjini nikachukua bodaboda. Upepo wa Ufipa ulinipiga usoni, ule wa baridi unaotoa machozi, na sikuona aibu kwa sababu dereva alikuwa mbele.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Babu alikuwa ameketi nje amejifunika blanketi. Nilichuchumaa, nikapiga makofi polepole kama tulivyofundishwa tangu utoto, ndipo nikamwamkia. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umenenepa," akasema. "Nilidhani wataturudishia fimbo."

Kisha akamgeukia mama. "Mtoto anarudi, hakuna hata kikombe? Jirani watasema tumefilisika."

Kwetu mtu akirudi baada ya muda mrefu hupikiwa kimpumu, pombe ya ulezi. Nyumba isiyopika inaonekana haijafurahi. Mama alikuwa amelifikiria jambo hilo siku nyingi.

"Nimepika togwa," akasema. "Tangu jana. Ni ulezi ule ule, ila haulevyi. Hata watoto wanakunywa."

Usiku ule nililala kwenye kitanda changu cha zamani. Asubuhi mama alinijazia kikombe cha togwa, nikamaliza. Akaongeza, nikamaliza. Ilikuwa na uchachu kidogo, lakini nilifikiri ni ulimi wangu uliosahau. Babu alikunywa vitatu, akasema togwa ya safari hii imekaa vizuri, na akaanza kuimba wimbo wa kupura ulezi. Tulimcheka tu. Nikaenda zahanati, na kwa furaha nilikuwa natembea kama mtu anayechelewa harusi.

Zahanati yetu ni ndogo, ina vyumba vinne. Barazani palikuwa na akina mama wenye watoto wa kupima uzito. Ndani nesi alinionyesha kabati jipya la chuma lenye makufuli mawili, na chupa ya dawa yenye pampu ya kupimia. Alikuwa mama wa makamo, Mfipa kama sisi, na alikuwa na furaha sawa na yangu.

"Wewe ndiye wangu wa kwanza," akasema. "Jana nimefanya mazoezi kwa maji. Haya, sogea niangalie macho."

Nikasogea. Uso wake ukabadilika.

"Pumua."

Nikapumua.

"Umekunywa?"

"Hapana, mama."

"Pumua tena." Akarudi nyuma. "Kijana, unanuka pombe. Dawa hii na pombe zikikutana unaweza kulala usiamke. Sikupi."

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja barazani akasema kwa sauti, "Ndio hao tulioambiwa wamepona?" Wengine wakacheka. Nilitoka nikakaa mwisho wa benchi. Nilitaka kusema ni togwa, lakini maneno yalikwama kama kawaida yangu. Niliwaza barua. Niliwaza chumba changu cha Mbeya, ambacho nilikuwa nimeshamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Saa nne nikaanza kupiga miayo, pua ikaanza kuchuruzika. Najua miayo hiyo inakotupeleka.

Nikainuka, nikaingia tena bila kuitwa.

"Mama, ni togwa," nikasema, na baada ya hapo sikunyamaza. Nilimweleza barua, simu, babu na blanketi lake, vikombe viwili vya asubuhi, ufunguo niliourudisha. Sijawahi kuongea vile maishani mwangu. Nesi alinisikiliza huku kalamu yake ikiwa hewani.

"Togwa hainuki hivi," akasema, lakini kwa sauti ya chini kidogo.

Wakati huo huo mama yangu akatokea mlangoni na kidumu mkononi. Alikuwa ameona nimechelewa.

"Nimewaletea togwa," akasema. "Na wewe nesi unywe."

Nesi alikipokea kidumu, akamimina kidogo, akaonja. Akafumba macho.

"Mama, hii ulipikia wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Baada ya kupoa uliiweka kwenye nini?"

"Kwenye mtungi."

"Mtungi gani?"

Mama akajishika kichwa. Kwetu kuna mtungi mmoja mkubwa, ule ambao bibi alipikia kimpumu, na baada yake mama, na kuta zake zimejaa chachu ya miaka yote hiyo. Ukiweka ulezi mtamu humo jioni, karibu na moto kwa ajili ya baridi, asubuhi unakuta pombe.

"Niliionja juzi tu, ilipokuwa tamu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Yesu wangu. Kumbe ndiyo maana mzee anaimba."

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Barazani nao wakacheka, lakini safari hii hawakuwa wakinicheka mimi. Yule mama wa maneno akasema, "Kwangu ingetokea hivyo hivyo, mwenzangu, mtungi ni mmoja."

"Hata hivyo sikupi sasa," nesi akasema. "Pombe ni pombe hata ikiingia kwa bahati mbaya. Kunywa maji, ule, ukae pale nikuone. Saa nane nitakupima tena. Na kwenye kitabu nitaandika kilichotokea, si zaidi."

Siku hizi tuko wanne tunaokunywa dawa pale. Mmoja ni kijana wa wafugaji waliohamia bondeni, upande wa Mtowisa. Kila wiki anauliza zahanati ya kwao itaanza lini. Nesi akimwona mgonjwa mpya humuuliza kwanza nyumbani wana mitungi mingapi.

Siku ile mama alikaa na mimi kwenye benchi. Alinipa viazi vya kuchemsha, akawa ananifuta jasho la arosto kwa kitenge chake, mbele za watu wote, nami nikamwacha. Saa nane nesi akaniita. Nikapumua, mara moja, mara mbili. Akaangalia macho, akapima presha. Akafungua kufuli la kwanza, akafungua la pili, akabonyeza pampu polepole.

Nikanywa. Ilikuwa na uchungu ule ule wa Mbeya.

"Sema kitu," nesi akasema.

Nikamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kidumu chake.

"Mama," nikasema, "twende nyumbani."

"Imeshuka," nesi akasema, akaandika.