Saruji Chini ya Makasha

Prošper Žuanić aliingia jeshi la majini akiwa na miaka ishirini, akapangiwa meli ndogo ya mizigo katika bandari ya Split, na humo humo akakaa miaka kumi na saba. Meli ilikuwa na namba tu. Mabaharia waliiita Punda, maana ilibebeshwa kila kitu cha visiwani: unga, maji ya kunywa, makombora, hata mbuzi. Prošper alikuwa mtunza shehena. Hakuwa mtu wa maneno. Akiitwa na mkubwa, masikio yalimwiva kwanza ndipo miguu ikatembea.

Mwaka wa kumi na tano, siku mbili kabla ya ukaguzi, alikuwa akigonga kutu ngamani, chini kabisa ya meli, nyundo ikatoboa chuma. Maji yakaruka. Kapteni wa wakati ule akashuka, akatazama.

"Mimina saruji, paka rangi. Tukienda kutengenezwa nitawaambia."

Ukaguzi ukapita salama. Kapteni akahamishwa bila kumwambia mtu, na zamu ya kutengenezwa ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Hofu yote ikabaki kwa Prošper. Kila safari alishuka, akasogeza makasha, akaweka kiganja juu ya saruji. Ikiwa kavu, alipumua. Mara ngapi alisimama mlangoni kwa kapteni mpya, Vukota, ili aseme! Kuficha tobo katika meli ya jeshi ni jela. Kila mara aliishia kuomba rangi.

Machi moja walibeba makombora kwenda kisiwa cha Lastovo. Asubuhi upepo wa kusini ukavuma, Punda ikaanza kupiga kichwa mawimbini. Prošper akaweka kiganja. Unyevu. Ufa ulikuwa ukifunguka na kujifunga kwa kila wimbi.

Ngazini alikutana na Lujo, mpishi.

"Mjomba, mbona mweupe kama unga wangu? Baharia mzima unatapika? Njoo ule supu, ufe umeshiba!"

Prošper akampita. Akapanda hadi kwa kapteni. Baharia Bepo, baba wa mtoto mchanga, alikuwa ameshika usukani.

"Ndugu kapteni..."

"Rangi imekwisha tena?"

"Tuna tobo. Chini ya makasha. Mwaka wa pili sasa. Nililiziba kwa saruji."

Bepo akageuka.

"Nani alikuagiza?" kapteni akauliza.

"Aliyekutangulia. Lakini aliyenyamaza ni mimi."

"Una hakika linafunguka?"

"Nimeingiza ukucha."

Kapteni akaamuru wageuze kuelekea Vela Luka, bandari ya karibu. Wakati wa kugeuka, mawimbi yaliipiga Punda ubavuni ikalala, na makasha yakavuta kamba zilizoyafunga hadi zikalia. Prošper alikuwa chini, chali, miguu yake ikikandamiza godoro la Lujo juu ya saruji. Kwa muda wa saa tatu. Lujo alimshika mabega, hakutania tena. Walipoingia ghubani saruji iling'oka, maji yakafika magotini, lakini Punda ilikuwa tayari imekaa kwenye tope.

"Miaka miwili," kapteni alimwambia. "Watu kumi na wanne, na wewe unajua."

Hawakumfunga. Walimpeleka nchi kavu kulinda ghala la sare, na Punda ikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Lujo alikuja kumtembelea kila Jumapili. Bepo hakumsalimu tena maisha yake yote. Wakipishana sokoni, Prošper alivua kofia, akasubiri apite.