Pazia la Fundi Suti

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mawingu yalitanda tangu alfajiri. Mvua haikunyesha wala haikusema inaondoka.

Fundi Suti aliketi nyuma ya chereheni. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na mtaa mzima ulijua kwamba suruali aliyoikata yeye haimbani mtu wala haimpwayi. Kaka yake, mwenye chumba kile cha kazi, alikuwa ametuma ujumbe: "Leo napita. Tuna maneno." Tangu ausome, alikuwa amefumua pindo moja mara tatu.

Maneno yenyewe aliyajua. Suruali haishonwi kwa kukisia. Sharti fundi apige goti, ashike futi, apime ndani ya mguu mpaka kisiginoni. Miaka miwili nyuma watu walisema, "Kumpigia goti mwanamume asiye wake, tena mlangoni! Haya hana?" Akatundika pazia la buluu, akawa anapimia nyuma yake. Sasa walewale wanauliza pazia linaficha nini.

Ng'ambo ya barabara, fundi wa magauni, baba wa makamo, alikuwa akimzungushia futi kifuani mwanamke mmoja huku akipiga mluzi. Hakuna aliyegeuza shingo.

Kaka aliingia saa tisa. Hakuketi.

"Dada, umeniweka pabaya. Juzi msibani nimeulizwa mbele za watu: dada yako anashona au anapapasa?"

"Ukajibu nini?"

"Nijibu nini? Lisemwalo lipo."

"Yule wa ng'ambo anapima vifua kutwa kucha. Yeye wanamwitaje?"

"Wanamwita fundi. Yule ni mwanamume, bwana!"

"Na hiyo suruali uliyovaa, kaka, alikupima nani?"

Kaka alijitazama miguuni. "Mimi ni nduguyo. Nilisimama tu."

"Wote husimama tu."

Hakucheka. "Shona magauni, kama wenzako. Nina mabinti wa kuoza mimi. Ukikataa, kesho saa mbili nakuja kuchukua ufunguo."

Alipotoka, Fundi Suti alitaka kuendelea na kazi, uzi ukamkatalia kwenye tundu la sindano. Magauni! Gauni la mwisho alimshonea mpwa wake, mtoto akaonekana kama gunia lililofungwa katikati. Na chereheni ile nzito ataibeba kwenda wapi? Kila hatua zilipopita mlangoni aliinua kichwa, ingawa kaka alikwisha kuja na kuondoka. Jioni alifunga mlango, akarudi mara mbili kuutikisa, kana kwamba kesho ingeweza kuzuiwa kwa komeo.

Asubuhi, saa moja na nusu, alipanda juu ya kigoda akaliteremsha pazia. Akalitandaza mezani, akalipiga chaki, akalikata vitambaa vya mifuko ya suruali. Karani mmoja akaingia, anawahi kazini.

"Leo mnapimia wapi, mama?"

"Hapa hapa mlangoni. Mwenye macho aone."

Ufunguo aliuweka pembeni mwa meza, karibu na chaki, mahali ambapo mtu hawezi kuukosa. Kaka alikuwa anakata kona. Fundi Suti akampigia karani goti, akavuta futi mpaka kisiginoni, akaisoma namba kwa sauti kubwa, hata ng'ambo ya barabara mluzi ukakatika.