Hina ya Msuka Makuti

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo, na kujaribu kuitoa nimejaribu. Ni siku niliyoitwa Tiwi kumpaka hina bibi harusi mmoja aitwaye Mishi.

Wakati huo nilikuwa msichana wa kuwapaka wazungu hina ufukweni Diani. Mchoro wangu ulikuwa ua moja tu. Lilikuwa zuri, sikatai, kikonyo chake kikipanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kidole cha shahada. Nililiiga kwa msichana mwingine, naye sijui alilitoa wapi. Mzungu mnene, mzungu mwembamba, mtoto, ajuza, wote waliondoka na ua lile lile. Nikitaja bei mara mbili ya ninayoitaka, tunavutana, mzungu anakwenda zake akidhani amenishinda, nami nabaki nikidhani nimekuwa msanii.

Basi nikafika Tiwi nimejaa maringo. Nikamwamkia Bi Riziki, kungwi wa yule binti, nikaketi mkekani, nikamwambia Mishi alete mkono. Sikuutazama. Nilihesabu vidole tu, nikavihesabu tena nione kama vimetimia, nikaanza ua langu.

Mishi alikuwa msuka makuti. Mahoteli ya Diani yameezekwa kwa kazi ya mikono kama yake. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vimejaa mikato myembamba ya majani. Hina yangu ilipoikuta ile mikato ikakimbilia humo humo, ikasambaa. Tulipoikwangua, kiganja cha kushoto kilikuwa kama kimemwagikiwa chai.

Mishi alikitazama, kisha akauingiza mkono chini ya leso.

"Basi kesho nitaketi hivi hivi, nimeuficha," akasema. "Mawifi zangu washasema, kaka yao amekosa wake wote kaenda kuoa msuka makuti."

Hapo nikaelewa nilichomfanyia. Kesho yake angetolewa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na kila jicho lingeanzia kwenye hina. Na hina, mwanangu, haitoki kwa sabuni. Nikajitetea. Nikasema ngozi yake ni mbaya.

"Alaa!" Bi Riziki akanigeukia. "Ngozi mbaya? Hivi wewe, umempaka Mishi au umelipaka ua lako? Umekifungua kiganja cha mwenzio hata mara moja ukakitazama?"

"Nilikuwa na haraka, bibi."

"Haraka ya wapi? Kuna mzungu anakungoja hapa?"

Wanawake waliotuzunguka wakaangua kicheko. Mishi naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniuma.

Nikaushika mkono wa kulia, safari hii nikautazama. Nikamwuliza ile mikato yatoka wapi. Akanionyesha: hapa ndipo jani linapokunjwa juu ya ufito, hapa ndipo linapovutwa likaze. Palipovutwa ngozi ilikuwa ngumu kama soli. Sasa, kila apakaye hina anajua kwamba ngozi ngumu ndiyo inayoiva sana, rangi ikakolea. Nami nilijua, ila mikono laini ya wageni ilikuwa imenisahaulisha. Nikapajaza hina pale pagumu, mikato nikaiacha wazi. Ikatokea milia myekundu, mmoja ukipita ubavuni mwa mwingine, kama kuti lililosukwa. Sikuupanga mchoro ule, mkono wenyewe ulinionyesha njia. Kisha nikaurudia ule wa kushoto, doa langu nikalifunika kwa milia hiyo hiyo.

Kesho yake wifi mkubwa akamshika Mishi mkono, akaugeuza huku na huku. "Hina gani hii? Mbona sijapata kuiona?"

"Ni makuti, wifi," Mishi akajibu. Akaviweka viganja vyote viwili mapajani, wazi, vikakaa hivyo mpaka shughuli ikaisha.

Nilipokuja kuingia kwenye rangi na turubai, sikuwa na mwalimu mwingine zaidi ya siku ile. Nazo picha zako, mwanangu, nimeziona kibandani pale Diani. Ndovu, jua linazama. Kibanda cha pili, cha mwenzako, ndovu, jua linazama. Una mjomba kule Kwale ambaye ndovu walimlia mahindi yote. Nenda kamwulize ndovu alikuwa na sura gani usiku ule. Nakuhakikishia hakuwa na sura ya huyo wako mpole.

Kuiga si haramu. Iga mpaka mkono uzoee, uuze, ule. Lakini usikae hapo ukapaita nyumbani. Kabla hujachovya brashi, tazama, halafu tazama tena, umwulize mwenye kitu kitu chake kimepitia nini. Ukiharibu, usilaumu ngozi. Na anayekusema mbele za watu usimkimbie haraka, msikilize kwanza ana nini. Picha ikikupendeza wewe tu, bado. Ngoja mpaka uliyemchora aache kujificha.

Nenda, mwanangu. Mola akufungue macho, aufanye mwepesi mkono wako, akupe riziki ya halali na wateja wenye kubishana kidogo tu. Amin.