Mifereji Kwanza, Dari Baadaye

Nyumba yetu ya Kanoni ilikuwa imeezekwa kwa nyasi, na mwaka ule nyasi zile zilichoka kabisa. Mvua ikianza tu, kila mmoja alijua sufuria yake ya kukingia. Mimi, kitinda mimba, nilipewa ile iliyokaa juu ya kitanda changu, nikalala nimejikunja kuizunguka. Kwa hiyo Tata, yaani baba yangu, alipouza kahawa na kurudi na mabati, nilicheza ngoma peke yangu uani. Siku zile bati lilikuwa adimu. Majirani walikuja kuyagonga kwa vidole wasikie mlio wake, kisha wakaondoka wakitikisa vichwa.

Haraka yote ilitokana na dada yangu. Watu wa upande wa Nyakahanga walikuwa wameleta habari kwamba wangekuja kumposa, na Tata hakutaka mshenga wao adondokewe na masizi kwenye kofia.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu mnene asiyependa kupanda ngazi, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi wa kutushauri akiwa chini. Nyumba ya bati, alisema, haiishii kwenye bati. Inataka ubao wa pembeni uliopakwa rangi. Inataka dari. Inataka mifereji ya kukinga maji, na pipa la kuyapokea. Tata aliitikia kila kitu kwa furaha, mpaka fundi alipokuna shingo na kusema kwamba kwa pesa iliyobaki angeweza kufanya jambo moja tu, dari au mifereji. Ubao wa rangi ulikufa palepale bila kuombolezwa.

Tata alitaka dari. "Wakwe wakiinua macho waone nini? Misumari?"

"Na wakiona kiu," Mama akasema, "watakunywa dari?"

Walibishana siku tatu. Fundi alikula matoke yetu siku zote tatu na kumkubalia kila anayesema. Mimi nilikuwa na hofu yangu, na haikuwa ndogo. Chemchemi ilikuwa chini bondeni, na mlima wa kurudi ulikuwa mkali kiasi kwamba tuliupanda bila kuzungumza. Mimi na dada tuliupanda kila alfajiri kabla ya shule. Dada akiolewa, ningebaki mimi, miaka kumi na mmoja, na maji ya nyumba nzima. Nilimpenda dada yangu, lakini nakiri kwamba katika ndoa yake nilikuwa naona ndoo tu.

Siku ya tatu, tukiwa tunakula, nikasema bila kuulizwa, "Tata, dada akienda, maji nitachota peke yangu?"

Kwetu mtoto haingilii mambo ya nyumba. Mama alinikata jicho. Tata alimeza tonge, akasema, "Kesho nitakwenda na wewe."

Nilidhani ni adhabu. Kumbe alimaanisha alichosema. Asubuhi alichukua dumu, tukateremka. Sasa, mwanamume wa Kinyambo, kabila letu, mwenye umri wake alikuwa habebi maji; angeweza kubeba gunia la kahawa, mkungu wa ndizi, hata mgonjwa, lakini si maji. Tulipoanza kupanda alipumzika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Tuliposikia sauti za wanawake wanateremka, alijitupa migombani na dumu lake. Hakujificha vizuri.

"Shikamoo, baba," akasema mmoja wao akiielekea migomba.

"Marahaba," migomba ikajibu. "Nakagua hapa."

Alipofika juu shati lilikuwa limelowa mgongoni. Fundi alikuwa ameketi anasubiri uji. Tata aliweka dumu chini mbele yake akasema, "Mifereji." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Tata asubuhi ile.

Mabati yakapanda, mifereji ikafungwa, pipa likakaa kwenye kona ya nyumba. Mvua ya kwanza tulisimama wote barazani kuyatazama maji yakija yenyewe. Mama alikinga kikombe, akanywa, akampa Tata.

Kosa letu tulilijua siku ya posa. Kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia chini ya kenchi za paa, kama zilivyokuwa tangu zamani. Hakuna aliyewaza kwamba miaka yote ile nyasi ndizo zilizokuwa zikimeza maneno yetu. Bati halimezi kitu.

Wageni walikaa sebuleni, wakapewa kahawa ya kutafuna na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mshenga akaeleza kilichowaleta, kwa maneno mazuri na marefu. Tata alimsikiliza amekunja uso, kama desturi inavyotaka, kisha akasema wamsubiri akashauriane na mwenzake. Wakaingia chumbani. Chumba chao kilikuwa katikati, upande mmoja sebule, upande mwingine sisi, dada na mimi, tukiwa kimya kama tulivyoagizwa.

"Huyu kijana mimi nimempenda," sauti ya Tata ikatujia juu ya ukuta, safi kabisa. "Hata wangekuja mikono mitupu."

"Sasa uso umeukunja wa nini?"

"Nimeukunja wasijue."

Sebuleni mtu akakohoa. Dada alinishika mkono. Kisha Tata akasema kwa sauti ya chini, na bati likaileta vilevile, "Shida yangu ni moja. Huyu ndiye anayeniamkia wa kwanza. Nikisikia shikamoo yake ndipo najua kumekucha. Akienda, nitajuaje?"

Tata alikuwa akisifu mibuni yake na ng'ombe wake. Sisi hakuwahi kutusifu, angalau si tukiwa tunasikia. Dada alijifunika kanga usoni akalia, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia.

Tata alitoka na uso wake uliokunjwa. "Tumeshauriana," akasema. "Jambo ni gumu."

"Tumeuona ugumu wake, mzee," mshenga akajibu kwa heshima, na wenzake wote walikuwa wanatazama viatu vyao, mabega yakitikisika.

Wageni walipoondoka, Mama alimweleza kwamba kila neno lao la chumbani lilisikika. Tata alilitazama bati, akasema, "Dari."

Ilimchukua misimu mingi ya kahawa, lakini aliiweka, ya mbao nyembamba, nyumba nzima, nayo nyumba ikawa na adabu. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo. Na zamu yangu ya kuposwa ilipokaribia, katika miaka ya tisini, kitu kikaanza kunikereketa. Dada alikuwa amesikia lake. Mimi ningeolewa bila kujua.

Kwa hiyo, siku moja kabla, nilipanda juu ya kiti na kusogeza ubao mmoja wa dari uliolala juu ya ukuta kati ya chumba chao na changu, nusu huku, nusu kule. Nilisogeza kidogo tu.

Wageni wakaja, wakaeleza, Tata akakunja uso. Wakaingia chumbani. Nikasimama chini ya ule upenyo nimetega sikio. Kitanda kililia mtu alipokaa, kisha pakawa kimya, kimya kirefu, na nikajua Tata ameinua macho.

Alipozungumza hakunong'ona.

"Huyu ndiye aliyenipandisha mlima na dumu," akasema Tata, akiielekeza sauti juu. "Akiondoka, pipa litajaa mpaka limwagike, na mimi nitakaa barazani nalitazama." Hapo akamwambia Mama, "Kisha mwambie aurudishe ubao wangu."

Niliurudisha kesho yake. Siku ile nisingeweza kuuona vizuri.